Hadithi ya Chai ya Saa Nne

Mnyapara wa kikosi cha tatu alikuwa mtu wa sheria, na asikudanganye mtu. Kila Jumatatu saa moja asubuhi, kabla chenso hata moja, ile misumeno ya injini, haijanguruma, aliwapanga watu wake kumi na mmoja kando ya barabara ya magogo, akachomoa karatasi yake iliyofunikwa plastiki, akaisoma yote kuanzia juu mpaka chini. Kofia ngumu kichwani muda wote. Hakuna kukata mti peke yako. Filimbi kwanza, mti baadaye. Na ile aliyoisoma kwa sauti kubwa kuliko zote: mti ukianguka ukanasa kwenye mwenzake, mtu asiuguse. Unazungushiwa utepe mwekundu, watu wanasogea mbali, trekta linakuja kuuvuta kwa winchi. Akimaliza, kila mmoja alitia saini kwenye daftari, hata yule mpishi ambaye kazi yake na miti iliishia kwenye kuni.

Sasa, ikifika saa nne, chai ikimiminwa, mzee huyohuyo alikuwa akiibomoa ile karatasi kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kikosini watu wanaingia na kutoka, na kila akija mgeni lazima mtu mmoja amchokoze mnyapara: "Mzee Mbili, huyu hajui jina lako limetoka wapi." Na Mzee Mbili, ambaye hapo alikuwa amekaa kwenye gogo lake akipuliza chai kama hasikii, angeweka kikombe chini. Angesema, "Aa, hayo ya zamani, achaneni nayo." Thubutu! Dakika moja baadaye ameshasimama, mikono hewani, anasimulia.

Alisimulia jinsi alivyokuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mkata miti wa kawaida, kwenye kambi nyingine mbali kabisa, ambayo siku hizi imebaki visiki tu. Msonobari mmoja ukanasa kwenye panda la mwenzake, ukakaa umeegama siku mbili nzima. Trekta hakuna. Bosi wa wakati ule anatukana mpaka mate yanamruka. Ndipo yeye akazunguka nyuma, akachagua mti mwingine uliosimama wima, akaukata mdomo upande wa mbele, akapima kwa jicho, akaukata mgongo. Ule mti ukaenda moja kwa moja ukaupiga ule ulionasa, na yote miwili, puu! chini. Miti miwili kwa mkato mmoja. Bosi alimpigia makofi mbele ya watu, na haukuisha mwezi akampa filimbi ya unyapara. Tangu siku hiyo akaitwa Mbili kwa Moja, na jina lilipochoka likabaki Mbili.

Watu wa kikosi waliipenda ile hadithi. Walikuwa wakicheka kwamba ule msonobari unazidi kunenepa kila mwaka. Dereva wa trekta, mtu wa maneno, alisema ukiendelea hivyo utamaliza msitu mzima peke yake. Mzee mwenyewe alicheka pamoja nao. Alikuwa na miaka hamsini na minne, magoti yamechoka, mkono wa kushoto unakufa ganzi kwa mitetemo ya chenso aliyoibeba nusu ya maisha yake. Ile filimbi shingoni ndiyo iliyomfanya aamke alfajiri akiwa na furaha. Bila unyapara asingejua ajiite nani, na hilo alikuwa akilijua.

Katika kikosi hicho alikuwamo mkwewe. Kijana wa miaka thelathini, amemwoa binti yake mkubwa, na watu walimwita Bwana Harusi kwa sababu siku ya tatu baada ya ndoa alirudi msituni na viatu vyeusi vya kung'aa, eti vile vya kazi hakuvipata gizani. Jina likamganda. Alikuwa mkata miti mzuri, labda mzuri kuliko wote, mwenye jicho na mkono uliotulia. Kazini alimwita baba mkwe wake "Mzee" kama wengine, na mnyapara naye hakumpendelea hata kidogo. Tena alimpa miteremko mibaya zaidi ili watu wasije wakapata la kusema. Lakini mtu aliyekuwa na macho aliona. Akisifiwa Bwana Harusi, mzee aligeuza uso pembeni ili asionekane anatabasamu. Na Bwana Harusi, wakati wa ile hadithi, hakuwa akicheka kama wengine. Alikuwa akisikiliza.

Ikawa Jumanne moja, kwenye mteremko wa mashariki, mti ukanasa. Haukuwa mkubwa sana. Ulianguka vizuri mpaka katikati, upepo ukausukuma, kichwa kikaingia kwenye panda la jirani na kukaa hapo, kitako chake kikiwa bado kimeshikilia kisiki kwa ukanda mwembamba wa mti. Mzee Mbili akapuliza filimbi, kazi ikasimama. Utepe mwekundu ukazungushwa. Akaita trekta kwenye redio.

Dereva akajibu kwamba mpira wa mafuta wa winchi umepasuka, yuko yadi, ametapakaa mafuta mpaka masikioni, wampe saa mbili.

"Saa mbili!" mzee akafoka. "Saa mbili tunaangaliana hapa kama tuko msibani?"

Kiwango cha magogo cha siku hiyo kilikuwa nyuma tayari. Akaamua ashuke yadi mwenyewe akamharakishe dereva, mwendo wa robo saa. Akawaambia watu wasiguse kitu. Alisema waziwazi, na wote walisikia: "Huu mti asiuguse mtu mpaka nirudi." Hapo alikuwa amemaliza, alichotakiwa kufanya ni kugeuka na kwenda zake. Lakini alipofika kwenye njia akageuka, akautazama ule mti ulioegama, akacheka, akasema, "Enzi zangu huu usingenikalisha chini hata dakika kumi."

Watu wakacheka. Akaenda.

Alikuwa amefika kwenye kona ya pili alipoisikia chenso. Mtu aliyekaa msituni miaka thelathini haulizi chenso inakata nini; anasikia. Ikinguruma mara mbili fupi, huo ni mdomo wa mti unachongwa upande wa kuangukia. Ikinyamaza kidogo, mtu anapima kwa jicho. Ikianza kulia mfululizo, huo ni mgongo, na mti unakwenda. Alisikia fupi mbili. Akasikia kimya. Akaanza kupanda mlima mbio, yeye na magoti yake, akipuliza filimbi mpaka pumzi zikamwishia, na huko juu chenso ikawa inalia mfululizo.

Mti wa pili uliupiga wa kwanza sawasawa, pale alipotaka mkataji. Jicho la Bwana Harusi halikukosea. Kilichokosea ni kwamba mti ulionasa hauanguki mbele kila mara kama wa hadithini. Ule ukanda mwembamba ulikatika, kitako kikateleza kwenye kisiki kikarudi nyuma kwa nguvu, kikampata kijana akiwa anarudi hatua ya tatu. Kikamvunja paja na nyonga, kikamtupa kwenye matawi.

Mnyapara alimkuta hajazimia. Afadhali kijana angezimia. Mzee akapiga magoti, akafanya kila kilichoandikwa kwenye ile karatasi: hakumvuta, hakumwinua kabla ya machela, akamfunga mguu kwa vipande vya mbao, akamwekea koti kifuani. Mikono ilikuwa ikifanya kazi yenyewe. Kijana akamshika mkono wa shati, meno yanagongana, akasema, "Mzee, ilienda lakini. Uliona? Yote miwili ilienda."

"Nyamaza," mzee akasema. "Usiseme."

Wakambeba watu sita mpaka barabarani, gari dogo la kambi likampeleka hospitali ya mjini, mwendo wa saa moja na nusu. Mzee alikaa nyuma naye na kuishikilia machela kwenye mashimo. Kijana akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Daktari akasema atapona, ila kutembea ni suala la miezi, na kurudi mteremkoni na chenso ni jambo la kuliombea.

Ijumaa akaja ofisa usalama kutoka makao makuu ya kampuni. Alikuwa binti mwenye miwani na begi la mgongoni, mpole. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Wakakaa kwenye ofisi ya kambi, chumba kimoja cha mbao chenye meza, viti viwili na ramani ya msitu iliyoliwa na mende pembeni. Akatoa fomu ya ajali, kurasa nne.

Kampuni ilikuwa na kanuni ngumu, na kila mtu msituni aliijua. Mtu akiumia kazini, kampuni inamtibu mpaka apone na nafasi yake inamsubiri. Lakini akiumia kwa ukaidi wake mwenyewe, baada ya kukatazwa, amejifukuza kazi, na matibabu anajijua yeye na ndugu zake. Bwana Harusi alikatazwa. Saini yake ya Jumatatu ilikuwa kwenye daftari, ya jana yake tu.

"Mashahidi wote wameandika kitu kimoja," binti akasema. "Ulikataza kwa mdomo, ukaweka utepe, ukaita trekta. Upande wako hauna doa, mzee. Limebaki swali la tisa."

Swali la tisa liliuliza: Je, kuna jambo lolote alilolifanya au kulisema msimamizi ambalo lilichangia ajali hii?

"Hapo wengi wanaandika 'hakuna', wanasaini," binti akasema. Hakuwa akimtega. Alikuwa na kambi nyingine ya kwenda kabla ya jioni.

Mzee akachukua kalamu. Nje, dereva wa trekta alikuwa akijifanya anakagua tairi karibu na dirisha, na kwa sauti ya kunong'ona ambayo ingemfikia hata kiziwi alisema, "Mzee, sisi sote tulisikia ulimkataza. Usijipalie makaa." Maana yake ilikuwa wazi: kikosi kilikuwa kimeshakaa kikaongea, na hiyo sentensi ya kwenye njia hakuna aliyeiandika. Walikuwa wameimeza kwa heshima yake.

Kumbe fomu kama ile mzee alikuwa ameshawahi kuijaza. Miaka ishirini na sita nyuma, kwenye ile kambi ya zamani, siku ya miti miwili kwa mkato mmoja. Hili hakuwahi kulisimulia kwenye chai, wala nyumbani, wala alipokuwa amelewa.

Siku ile hawakuwa yeye na bosi tu. Alikuwapo mkata matawi, rika lake, waliyekula naye sahani moja mwaka mzima. Yule kijana alitaka kusogea mbali, na Mbili ndiye aliyemzuia. Alimwambia, "Kaa hapohapo uone maajabu." Alitaka mtu wa kumwona. Miti ikaanguka yote miwili, kama hadithi inavyosema, na wa kwanza ulipofika chini ukabiringika ukamsaga yule kijana mguu chini ya goti. Bosi alipiga makofi kabla hajasikia mayowe. Halafu ikaja fomu, bosi akaelekeza, na Mbili akaandika kwa mkono wake kwamba majeruhi alikuwa amesimama mahali pasiporuhusiwa kwa hiari yake. Wakampakia kwenye lori la mbao, mguu umefungwa gunia. Hakurudi. Haukuisha mwezi, Mbili akapewa filimbi.

Basi mzee akakaa na ile kalamu. Binti akatazama saa, akatazama ramani, akatazama saa tena. Mwishowe mzee akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa taratibu, nafasi ya swali la tisa haikumtosha, akageuza nyuma. Aliandika kwamba kwa miaka mingi alijisifu mbele ya vijana kwa kosa lilelile alilokuwa akiwakataza. Aliandika maneno aliyoyasema kwenye njia, yote, pamoja na kicheko. Aliandika kwamba kijana hakuwa mkaidi. Alikuwa akimfuata mnyapara wake. Ya yule mkata matawi nayo akayaandika, kwa kifupi.

Binti akasoma, akavua miwani. "Mzee, unajua unachokifanya? Hapa unyapara umekwisha. Wakikuachia kazi yenyewe, mshukuru Mungu."

"Najua."

"Naweza kukupa fomu nyingine."

"Mwanangu, chukua hiyo uende," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya ushujaa hata kidogo. Ilikuwa ya mtu anayeogopa atabadili mawazo.

Nyumbani, mkewe alimsikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi. Nyumba ile yenye baraza ilikuwa ya mnyapara, si ya mzee, kwa hiyo habari ile ilimhusu mpaka sufuria zake. Lakini hakuuliza nyumba. Alisema, "Wewe bwana! Miaka yote hii nimewasimulia watu hadithi hiyo kwa fahari, kumbe nawasimulia uongo wako?" Akatupa kitambaa mezani. Baadaye kidogo, akiwa amempa mgongo, akasema, "Nenda ukamwambie binti yetu wewe mwenyewe. Asije akaambiwa na dereva wa trekta."

Kwa hiyo Jumamosi mchana akaenda hospitali. Wodi ilikuwa na vitanda nane, na Bwana Harusi alikuwa kwenye cha dirishani, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, macho yamefumba. Binti wa mzee alikuwa kwenye kiti kando, mtoto wao mchanga amelala mapajani. Alipomwona baba yake akainuka nusu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, Baba," akasema. "Daktari amesema ungemvuta vibaya pale msituni angekufa njiani. Asante. Na msamehe, Baba. Mimi mwenyewe nimemgombeza tangu jana, nimemwambia, Baba alikukataza, wewe kichwa chako kina nini?"

Loo. Mzee angependa kupigwa kofi kuliko kusikia hayo. Akavuta kiti, akakaa, akajikaza. Akamwambia yote, kuanzia sentensi ya kwenye njia, kurudi nyuma mpaka kwenye lile lori la mbao. Hakutia chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza kuisimulia hadithi ile akiwa amekaa.

Mtoto alijinyoosha mapajani, binti akampapasa mgongo bila kumtazama. Mzee alipomaliza, kitanda cha pili mtu alikuwa akikohoa, na wao wakangoja mpaka amalize, kama wageni wenye adabu.

"Kwa hiyo ulijua," binti akasema. "Ulijua kabisa mti kama huo unafanya nini."

"Nilijua."

"Baba, mimi nimekua na hadithi hiyo. Tulipokuwa wachumba mimi ndiye niliyemsimulia. Kabla hata hajakuona." Akamtazama mumewe kitandani. "Nilimwambia, ukitaka Baba akukubali, uwe mwanamume kama yeye."

Mzee alitazama mikono yake. Alitaka kusema kwamba kazi ya mkwewe imesalimika, kwamba ofisa ameshaondoka na fomu, kwamba matibabu yatalipwa. Akaona yote hayo yangekuwa kujipigia debe tena. Binti alikuwa analia sasa, kwa hasira, bila kujificha, na hakumwambia aondoke wala hakumwambia abaki.

Ndipo Bwana Harusi akafumbua macho. Hakuwa amelala. Dawa zilikuwa zimemlegeza ulimi, lakini macho yalikuwa yake.

"Mzee," akasema.

"Nipo, mwanangu."

"Huyo mkata matawi. Alikuwa anaitwa nani?"

Mzee akafungua mdomo. Jina lilikuwapo, halijaenda popote. Ila kwa miaka ishirini na sita halikuwahi kupita kooni mwake. Akalitaja, la kwake na la baba yake, jinsi walivyokuwa wakiitwa asubuhi kwenye daftari.

Bwana Harusi akalirudia polepole, kama mtu anayetaka kulishika.

"Na kwao ni wapi?"

"Sijui," mzee akasema. "Sikuwahi kumuuliza."